Barabara Ikiinuliwa Jangwani, Nani Atabaki Juu?



Juma hili tumeona vema tuzungumze juu ya barabara. Wapo watakaouliza padre na lami wapi na wapi, na kwamba mambo ya madaraja yana wahandisi wake. Ni kweli, yana wahandisi wake, nasi hatuna nia ya kuwafundisha kazi. Lakini barabara hujengwa kwa fedha za watu, hupita katika makazi ya watu, na inapohamishwa au kuinuliwa huwaondoa watu hawa na kuwaleta wale. Mhandisi akishamaliza hesabu zake za saruji na nondo, maswali hayo hubaki mezani, na hayo ni ya kwetu sote.

Barabara tunayoikusudia ni Barabara ya Morogoro jijini Dar es Salaam, na hasa kile kipande kifupi cha Jangwani, kati ya Magomeni na Faya, inaposhuka bondeni kuuvuka Mto Msimbazi. Hakuna mkazi wa jiji asiyekijua. Mto wenyewe si mkubwa. Huanzia katika vilima vya Pugu upande wa Kisarawe, ukakatiza mitaa ya watu wengi na viwanda, hata ukaingia baharini karibu na Daraja la Selander. Siku za kiangazi mtu aweza kuutazama kutoka barabarani akajiuliza wanaouogopa wanaogopa nini. Zinaposhuka mvua kubwa, jibu hulipata kabla ya saa sita mchana.

Mvua za Desemba 2011 ziliua watu zaidi ya 40 jijini, wengi wao katika mabonde, na familia nyingi zilihamishiwa Mabwepande. Mwishoni mwa 2015 na mwanzoni mwa 2016 zikaja alama za X kutani na matingatinga. Mei 2016 yakaanza mabasi ya mwendokasi, na tangu hapo kila mafuriko ya Jangwani yamekuwa habari ya jiji zima, maana mabasi yakizuiwa pale, Kimara na Kivukoni huwa miji miwili isiyosalimiana. Karakana yenyewe ya mabasi hayo ilijengwa bondeni, penye njia ya maji. Tunaomba msomaji alikumbuke jambo hilo la karakana, kwa sababu tutalirudia.

Sasa kuna mpango mkubwa. Septemba 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa masharti nafuu wa dola milioni 200 kwa ajili ya Bonde la Msimbazi, na Hispania ikaongeza mkopo wake, na Uholanzi ikatoa msaada. Kwa fedha hizo barabara inapaswa kuinuliwa kwa daraja jipya refu la Jangwani, la mita 390, mto uchimbwe na kupanuliwa, karakana ihamishwe, na bonde ligeuzwe bustani kubwa ya mjini. Udongo utakaochimbwa mtoni utatumika kuinua kingo za bonde, na juu ya kingo hizo zilizoinuliwa pajengwe majumba na maduka, mahali ambapo maji hayatafika tena. Ndiyo kusema fedha za barabara na mto zitazaa kitu cha tatu ambacho aghalabu hatukizungumzii tunapopongezana kwa daraja: ardhi mpya, kavu, iliyopimwa, hatua chache kutoka Kariakoo.

Tuseme mapema msimamo wetu, ili msomaji asitutafute huku na huko. Tunaunga mkono fedha hizo kutumika. Hatuoni heri yoyote katika kuendelea kuzika watu kila baada ya miaka michache kwa sababu ya mto unaojulikana ulipo. Nabii Isaya aliyenena juu ya mabonde kuinuliwa na njia kunyooshwa hakuwa na Jangwani akilini, lakini tunadhani asingelipinga daraja hilo. Swali letu ni juu ya zile kingo. Zitakuwa za nani?

Watetezi wa miradi ya namna hii, hapa kwetu na ng'ambo, huwa na hoja moja waipendayo: fedha za barabara si gharama, ni mbegu. Serikali inatoa shilingi kuinyosha barabara, wawekezaji wanakuja, viwanja vinapanda bei, kodi zinaongezeka, vijana wanapata kazi. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Mwenye shamba lolote kando ya barabara mpya ya lami anajua bei ya shamba lake ilivyobadilika siku ile tu wapimaji walipopita na vigingi vyao, kabla hata ya greda kufika. Lakini hoja hiyo ina shimo pia, na shimo lenyewe ni hili: thamani inayopanda huingia mfuko wa nani, na deni hulipwa na nani?

Deni tunalijua. Mkopo wa taifa hulipwa na taifa, na katika taifa yumo mkulima wa mahindi wa Songea ambaye huenda asiione Jangwani maisha yake yote. Yeye naye, kila anunuapo sabuni na mafuta ya taa, anachangia. Thamani, kwa upande wake, humwendea aliye na hati ya kiwanja siku ile bei inapopanda. Na sisi hatuna njia imara ya kuirudisha thamani hiyo kwa umma. Kodi ya majengo ya nyumba ya kawaida hukusanywa kwa umeme wa LUKU tangu 2021, na mwaka 2023 kiwango kilipandishwa kutoka shilingi 12,000 hadi 18,000 kwa mwaka. Ni njia rahisi ya kukusanya, tunaisifu kwa hilo. Lakini kiwango hakitazami nyumba iko wapi. Nyumba ya chini itakayotazamana na bustani ya Msimbazi itatozwa sawa na nyumba ya chini iliyo Chanika kwenye barabara ya vumbi. Umma utakuwa umepanda mbegu, na mavuno yatakuwa yamekwenda kwa jirani.

Yatupasa sasa tuwatazame waliokuwa bondeni kwanza.

Sheria yetu ya fidia, kwa maandishi, si mbaya. Kanuni zilizotungwa mwaka 2001 chini ya Sheria ya Ardhi zinasema anayeondolewa alipwe thamani ya soko ya ardhi na maendelezo yaliyomo, alipwe posho ya usumbufu, posho ya makazi inayokokotolewa kwa kodi ya pango ya miezi 36, hasara ya faida kwa mwenye biashara kwa muda huohuo, na gharama ya kusafirisha mizigo ya tani 12 kwa umbali wa hadi kilomita 20. Malipo yakichelewa zaidi ya miezi sita, riba inahesabiwa. Tumeyaeleza haya kwa kirefu kwa makusudi, kwa sababu tumegundua kwamba wengi wa wale wanaopokea fomu za uthamini huweka sahihi bila kujua kwamba vipengele hivyo vipo. Muulize mthamini kimoja kimoja. Si utovu wa adabu kuuliza. Naye ana wajibu wa kukujibu.

Ila sheria hiyo imekatwa kwa kipimo cha mwenye ardhi inayotambuliwa. Bonde la Msimbazi halikuwa hivyo. Wengi walikuwa na karatasi ya mauziano iliyogongwa mhuri wa serikali ya mtaa, na serikali, kwa upande wake, ililihesabu bonde kuwa eneo hatarishi lisilofaa kwa makazi. Hivyo awali hesabu ya fidia ikawa ya jengo, na ardhi ikachukuliwa kana kwamba nyumba zile zilikuwa zikielea hewani. Wananchi walilalamika, na baadaye serikali ikakubali kuongeza malipo ya ardhi kwa kiwango kimoja kwa wote. Tunaishukuru kwa kusikia. Lakini kiwango kimoja kwa wote ni ishara ya huruma zaidi kuliko hesabu. Nayo ni tofauti sana na bei ambayo ardhi ileile itauzwa baada ya kuinuliwa.

Tunasikia jibu lililo tayari midomoni mwa wengi: wale ni wavamizi, walijenga mtoni kwa ukaidi, nani aliwatuma? Ndugu zangu, turudi kwenye karakana ya mabasi. Waliojenga karakana bondeni walikuwa na wataalamu, ramani, fedha na vibali, nao waliliona bonde lilelile wakaona panafaa. Maji yalipoingia kwenye mabasi hatukumsikia mtu akiwaita wavamizi. Mama aliyenunua chumba kimoja na sebule Kigogo kwa akiba ya kuuza samaki, akafungiwa mita ya umeme, akapigiwa kura mwenyekiti wa mtaa aliyekuwa na ofisi jirani naye, hakuwa na sababu ya kudhani serikali haimjui. Kama kulikuwa na kosa la kujenga bondeni, lilikuwa kosa la wengi, na haifai adhabu yake imwangukie mmoja tu.

Kuna jambo moja katika historia ya barabara hii ambalo limetusumbua tangu tulipolitafakari. Safiri kutoka Jangwani kuelekea magharibi, hiyohiyo Barabara ya Morogoro, ufike Kimara. Mwaka 2017 kutoka hapo kuelekea Kiluvya nyumba zilibomolewa kupisha upanuzi wa barabara hadi njia nane, kilomita 19.2 kufika Kibaha. Kwingineko nchini, Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu kuwa mita 30 kila upande. Lakini pale Kimara ikashikiliwa sheria ya zamani, tangu enzi ya ukoloni, yenye hifadhi ya mita 121.5 kila upande kutoka katikati ya barabara. Kila aliyekuwa ndani ya mita hizo akahesabiwa kuwa mvamizi, na akaondolewa bila fidia. Zilianguka nyumba za watu waliokwisha kustaafu, zikaanguka na nyumba za ibada. Barabara ile ilijengwa kwa fedha zetu wenyewe za ndani, na viongozi walijivunia hilo, na kwa upande mmoja walikuwa na haki ya kujivunia.

Sasa linganisha. Barabara moja, jiji moja. Kipande kilichojengwa kwa fedha zetu hakikulipa mtu. Kipande kinachojengwa kwa fedha za kukopa kinalipa, tena kimelazimika kuwafikiria hata wasio na hati, kwa sababu masharti ya Benki ya Dunia kuhusu kuhamisha watu, yale yaliyoko katika kiwango chake cha tano cha mazingira na jamii, yanamtaka mkopaji amsaidie kila anayepoteza makao au riziki, awe na hati au asiwe nayo. Je, tumefika mahali ambapo mtoto wa nyumba hii anatendewa vema pale tu mgeni anapokuwa sebuleni? Hatusemi haya ili kuipamba benki. Yenyewe ina historia yake na miradi ya kuhamisha watu, na masharti hayo yametokana na makosa yaliyowaumiza wengi duniani. Tunasema kwa sababu linatia aibu. Kiwango cha utu kinachofuatwa Jangwani kingepaswa kuwa katika sheria zetu, ili barabara ijayo, ikijengwa kwa kodi zetu, isimtendee mwenye nyumba vibaya kuliko ile ya mkopo.

Halafu kuna wapangaji. Hawa hawaonekani kabisa. Nyumba ya vyumba sita bondeni yaweza kuwa na familia sita, na mwenye nyumba anaishi Mbagala. Mthamini anapokuja, anayeandikwa katika daftari ni yule wa Mbagala. Posho ya makazi ya miezi 36 ni yake, na familia sita zinapewa siku za kuondoka. Mama lishe mwenye sufuria tatu na benchi, fundi baiskeli chini ya mwembe, kijana wa bodaboda ambaye kijiwe chake ndicho mtaji wake, nao hali kadhalika. Si kwamba mali yao ni ndogo. Mali yao ni mahali. Wateja wa mama lishe wako pale. Ukimhamishia kilomita 30 na sufuria zake zote, umemhamishia sufuria tu.

Hilo limetukumbusha mji mmoja wa mbali, Seoul, Korea ya Kusini, ambao wapangaji miji wa dunia nzima hupenda kuutaja wanapozungumzia barabara na mito. Pale katikati ya mji palikuwa na kijito, Cheonggyecheon, kilichofunikwa kwa zege, na juu yake ikajengwa barabara ya juu. Mwaka 2003 meya Lee Myung-bak aliamuru barabara hiyo ibomolewe na kijito kifunuliwe. Kazi ilikwisha Oktoba 2005, na pakawa na maji na majani kwa karibu kilomita 6 katikati ya jiji. Watu walishangilia, joto la eneo lile likapungua, bei ya ardhi kandokando ikapanda, na meya mwaka 2008 akawa Rais. Yote hayo ni kweli na ni mazuri.

Wachuuzi wa kando ya barabara ile walipelekwa katika uwanja wa michezo wa Dongdaemun, wakapanga bidhaa zao ndani ya uwanja. Miaka michache baadaye uwanja nao ukabomolewa, kupisha jengo la fahari la sanaa lililofunguliwa mwaka 2014, na wachuuzi wakahamishwa tena. Kwa wenye maduka na karakana ndogondogo za kando ya kijito lilijengwa jengo kubwa la biashara mbali kusini mwa mji. Likafunguliwa mwaka 2010, na ni wachache tu waliomudu kwenda kulijaza, kwani bei za vyumba zilikuwa juu na wateja wao hawakuwafuata. Anayezuru Cheonggyecheon leo anapiga picha ya maji. Hakuna cha kupiga picha cha wale waliotoka.

Lakini hatuna haja ya kwenda Korea kujifunza kila kitu. Kutoka Jangwani panda tu hadi Magomeni, utazame zile ghorofa za Magomeni Kota. Zile kaya 644 ziliondolewa katika nyumba zao za zamani mwanzoni mwa miaka ya 2010 kwa ahadi ya kujengewa upya, na kwa miaka mingi ahadi ilikuwa majani na kokoto. Mwaka 2016 serikali ikaamua kujenga, na Machi 2022 Rais Samia Suluhu Hassan akazifungua, wakazi walewale wakarudi mahali palepale. Subira ya karibu miaka kumi ni ndefu mno, na wengine walifariki wakiwa wamepanga kwa watu. Hata hivyo walirudi. Tena walirudi kwenye ardhi ambayo kila mwenye fedha jijini angeitaka. Kwa hiyo hakuna atakayetuambia kwamba jambo hilo haliwezekani Tanzania. Limefanyika, hatua chache kutoka daraja linakopaswa kusimama, na orodha ya majina ilitunzwa miaka yote hiyo. Orodha hiyo, kwa maoni yetu, ndiyo iliyowaokoa. Jina likiwa kwenye orodha, ahadi ina mtu wa kuidai.

Basi haya ndiyo tunayoyaona kuhusu kingo za Msimbazi, na tunayasema kama raia walipa kodi na walipa madeni.

Ardhi itakayopatikana kwa fedha hizi isiuzwe moja kwa moja. Ikodishwe kwa muda, na kodi yake ipande kadiri thamani inavyopanda, ili yule mkulima wa Songea apate kuona deni lake likilipwa na wale wanaonufaika nalo. Katika majumba yatakayojengwa kuwe na sehemu iliyotajwa kwa hesabu, kwa maandishi, kabla ya zabuni kutangazwa, kwa ajili ya waliokuwa wakiishi bondeni wakiwemo wapangaji, kwa kodi ya pango ambayo muuza samaki aweza kuilipa. Tunasisitiza kabla ya zabuni. Sharti likiwekwa baada ya mwekezaji kupatikana huwa ombi, na ombi hukataliwa kwa barua nzuri. Na pawe na soko la chini, lenye meza na bomba la maji na choo, pale watu wanapopita kwa miguu kwenda kupanda mwendokasi. Asijengewe mama lishe jengo la ghorofa tatu asiloweza kupanda na ndoo ya uji kichwani. Tumekwisha kuona katika miji yetu masoko ya machinga yaliyojengwa kwa nia njema mahali ambapo mteja hapiti.

Tunajua mtu wa fedha atasema masharti hayo yatawafukuza wawekezaji. Huenda yatapunguza bei watakayokuwa tayari kutoa. Hilo tunalikubali, na tusidanganyane kwamba haki haina gharama. Lakini mwekezaji anayekuja Jangwani haji kwa hisani. Anafuata Kariakoo iliyo jirani, daraja ambalo hakulijenga, mto ambao hakuuchimba na kituo cha mabasi ambacho hakukilipia. Amepokea mengi kutoka kwa umma kabla hajaweka tofali la kwanza. Umma ukisema naye kidogo juu ya nani atakuwa jirani yake, haujamwonea.

Katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme imo habari ya Nabothi na shamba lake la mizabibu, nanyi mnaijua. Tunapoisimulia tunakimbilia mwisho wake, mashahidi wa uongo na mawe, na tunamhukumu Ahabu kwa damu. Mara chache tunatazama mwanzo. Mfalme alianza kwa kutoa ofa ambayo hata leo ingepita katika ofisi yoyote ya ardhi: shamba lililo bora zaidi, au fedha taslimu kwa thamani yake. Hakukuwa na unyonge katika bei. Nabothi alikataa kwa sababu shamba lile lilikuwa urithi wa baba zake, kitu ambacho daftari la mthamini halina safu yake. Sheria ya nchi yetu inampa mkuu wa nchi uwezo wa kutwaa ardhi kwa manufaa ya umma, nasi hatupingi uwezo huo, maana bila huo hata daraja la Jangwani lisingepangwa. Twasema tu kwamba manufaa ya umma ni neno zito, na anayeondolewa ni sehemu ya umma huo. Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato si' wa mwaka 2015, aliligusa jambo hili moja kwa moja alipozungumzia makazi ya maskini: inapobidi wahamishwe, wapewe habari kamili mapema, wapewe makao mema ya kuchagua, na washirikishwe wao wenyewe. Mambo hayo hayahitaji mkopo mpya.

Neno moja kwa wanajumuiya wetu ambao wamepokea fidia na kuondoka. Wengi mmekwenda kuanza upya mbali, mmenunua viwanja Chanika, Kisarawe na Mkuranga. Tunasikia kwamba wengine wamenunua tena bondeni, maana bondeni ndiko bei inakowezekana. Tunawasihi, kabla ya kulipa, muulizeni mzee wa eneo lile maji ya masika hufika wapi. Atawaonyesha kwa fimbo yake, bure. Na risiti zenu, fomu za uthamini na barua zote mlizopewa mzitunze mahali pakavu, nakala moja iwe kwa ndugu. Magomeni Kota iliwachukua miaka kumi.

Kwa wale mliobaki Magomeni, Kigogo, Hananasif na Ilala, mikutano ya mitaa inaitishwa na mara nyingi wanaohudhuria ni wachache, kwa sababu huwa mchana wa siku ya kazi. Ombeni iwe Jumamosi jioni au Jumapili alasiri baada ya ibada. Sheria inawapa haki ya kusomewa mapato na matumizi ya mtaa, na pale mradi unapokuwa katika eneo lenu, ulizeni ramani ya zile kingo zitakazoinuliwa: imechorwa na nani, ina viwanja vingapi, na vimeandikwa matumizi gani. Mkijibiwa kwamba ramani haijawa tayari, andikeni tarehe mliyojibiwa hivyo, mwulize tena mwezi unaofuata.